Katuni za Wakubwa na Benchi la Nyuma

Kericho mjini,
6 Oktoba 2025

Mwalimu Johana,

“Mtu mzima anayecheka katuni chafu ameshavuliwa nguo, ni vile tu hajasikia baridi.”

Hivyo ulihubiri Jumapili, na hivyo umeniandikia tena, ukapiga mstari chini yake kana kwamba mimi ni mtoto wa darasa la sita. Nimeisoma nikiwa nimesimama dukani, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Ni sentensi nzuri. Kasoro yake ni moja: si kweli.

Ukiona watu wazima wanacheka taulo la mtu likianguka, jua wanafahamu vizuri taulo lilitakiwa kuwa wapi. Asiye na aibu hacheki, kwa sababu haoni kilichoharibika. Ni mwenye aibu ndiye anayeshika mbavu. Wewe unaogopa kicheko, mimi naogopa watu wanaotazama mambo ya aibu wakiwa wamekaza uso, halafu wanasema “tuombe.”

Sasa tuje kwa Phelix Ogada. Ni fundi wa stima, hana kesi na mtu. Ana kibanda cha video nyuma ya posho mill, kile kinu cha unga, hapo Kimulot. Jumatano alasiri anaonyesha katuni za Kijapani za watu wazima, na wateja wake ni wanawake walioleta majani ya chai kituoni na wanangoja lori ambalo halifiki. Katuni yenyewe ni ya mzee mmoja mwenye hoteli ya maji moto, tumbo kubwa, taulo dogo, anayewachungulia wageni wa kike, na kila mara anaishia kupigwa na ndoo au kuanguka majini. Kwa sababu hakuna anayejua Kijapani, kuna mwanamke anakaa nyuma ya pazia anawasemea watu wa kwenye katuni kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo Sodoma yako.

Na nikukumbushe, Mwalimu. Ni wewe uliyesimama Agosti mbele ya waumini, ukamshukuru Phelix kwa kuwaletea watoto katuni wakati wa likizo. Uliona picha ya macho makubwa mlangoni, ukaamua kwamba kitu kikichorwa ni cha watoto. Watoto wakaenda mbio. Nani aliwafukuza? Phelix. “Rudini nyumbani, hii ni ya wakubwa.” Walirudi wakilia, na ndipo wewe ukakasirika. Kwa hiyo mtu aliyewalinda watoto ni yeye, na aliyewatuma ni mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa.

Usidhani natetea kila kitu kilichochorwa Japani. Nimeona nyingine ambazo mzaha wake wote ni msichana kushikwa asipotaka, na nilizizima. Lakini huwezi kuzitenganisha kama hujaziona, na wewe hujaona hata moja. Umeambiwa.

Tulipofundisha pamoja hapo Kimulot ulinishinda hesabu na mimi nikakushinda maneno. Leo nina duka la vitabu, wewe una ng'ombe, majani chai na uenyekiti, na bado tunaandikiana barua kwa sababu simu unaizima. Kepher, dereva wa lori la majani anayetubebea barua hizi, anaanza kuchoka na sisi. Mimi pia nimechoka, Johana. Nimechoka kubishana na watu wenye uhakika wa kitu ambacho hawajakitazama.

Tazama moja. Halafu funga kibanda ukitaka.

Jerusa Amondi


Kimulot,
11 Oktoba 2025

Mwalimu Jerusa,

Barua yako imefika ikiwa imelowa. Barabara ya msituni imekatika tena, lori linakuja saa linapotaka, na majani yanageuka mekundu guniani. Naandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Wewe hujawahi kuwa mfupi.

Unasema anayecheka anajua taulo lilitakiwa kuwa wapi. Nimefundisha maisha yangu yote. Nimesikia wavulana wakicheka uwanjani msichana alipoanguka na sketi ikapanda. Nao walijua sketi ilitakiwa kuwa wapi. Kicheko kile hakikumrudishia yule mtoto chochote. Alihama shule, na wewe unamkumbuka, maana ulimlilia ofisini kwangu. Nijibu hilo kwanza, ndipo uniite mjinga.

Ya Agosti umeyasema. Yalinistahili.

Kibanda kimefungwa. Mwenye ploti amechukua ufunguo wake baada ya sisi wazee kuzungumza naye. Phelix hakubishana. Alikunja pazia lake akaniambia, “Sawa, Mzee,” na hiyo ilinisumbua kuliko kama angenitukana.

Limebaki jambo la yule mwanamke wa sauti. Katibu wetu Noah, ambaye unajua ni nyapara kule shamba kubwa, anasema anamfahamu, ni muumini wetu, na atamtaja Jumapili ya tarehe 26. Utaratibu wetu unaujua. Atasimama, atatubu, atakaa benchi la nyuma mwaka mzima, bila meza ya Bwana, na ikiwa ana harusi haitafungwa kanisani. Si mimi niliyebuni hayo. Niliyakuta. Lakini nimeyatumia kwa wengine, na sitayakunja kwa mtu fulani kwa sababu wewe unaandika vizuri.

Kama unamjua mwanamke huyo, mwambie aje kwangu kabla. Nitamsikiliza.

Binti yangu Chepkemboi anakusalimu. Mchana anapima majani kituoni, jioni anapinda shela lake la harusi ya Disemba. Tangu mama yake atuache, ni yeye tu ninayemsikia nyumbani. Mara nyingine anaimba jikoni kwa sauti za watu wawili, watatu, mpaka nafikiri kuna wageni. Nataka siku yake iwe safi, Jerusa. Sitaki kingine mwaka huu.

Johana Kipkurui


Kimulot,
13 Oktoba 2025

Anti Jerusa,

Mambo imechemka huku. Najua Baba amekuandikia, maana ameshinda na kalamu sikioni. Tafadhali usimwambie. Wewe ulikaa pale kibandani Septemba ukanisikia, ukanibana mkono ukitoka, kwa hivyo najua unajua.

Wacha nikuambie vile ilianza, ndio usifikiri nilikuwa natafuta sifa. Lori lilikuwa limechelewa, mvua, wamama wamekalia magunia yao wamenyamaza kama matanga. Phelix akasema ingieni mjikinge. Akaweka ile katuni. Kijapani tupu. Nyabate akaniuliza, “Karani, wewe umesoma, huyo mzee wa taulo anasema nini?” Anti, Kijapani sijui hata neno. Nikaanza kutunga tu.

Na yule mzee alipochungulia dirishani, sijui ni nini ilinishika. Nilikohoa mara mbili vile Noah hukohoa, nikasema, “Kwa heshima na taadhima, dada yangu, mbona unajificha?” Hiyo ndiyo lugha yake. Hawezi kufanya uchafu bila kwanza kusema kwa heshima na taadhima.

Wamama wote wakageuka kunitazama. Nikafikiri nimejimaliza. Halafu Nyabate akacheka, akacheka mpaka akateleza kwa benchi akakaa chini. Bonareri naye akalia. Analia na anacheka, huwezi kujua ni gani. Wote wanachuma shamba kubwa asubuhi kabla waje na majani yao kidogo ya nyumbani. Noah ndiye anawagawia mistari ya kuchuma. Ukimkubali, unapewa mistari karibu na barabara. Ukimkataa, anakupeleka kule chini kwenye mto, majani hakuna, nyoka iko, na jioni anakuita mvivu mbele ya watu. Wanayajua haya yote na hakuna aliyewahi kuyasema kwa mwenzake. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Siku hiyo mzee wa taulo alipopigwa na ndoo, walipiga makofi kama ni mpira.

Kutoka hapo ikawa kila Jumatano.

Sasa wiki jana Noah alikuwa anapita, mvua ikamshika, akasimama chini ya paa la kibanda. Akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani, na wanawake wakicheka. Alisimama mpaka mwisho. Kesho yake akaja kituoni, akaegemea mizani yangu akaniuliza, “Harusi ni Disemba, sindio?” Nikaendelea kuandika kilo. Akasema nikiwaambia akina Nyabate waache maneno yao juu yake, yeye naye atasahau jina langu.

Nifanye nini, Anti? Kipkoech, huyo tunayeoana naye, anasema twende tu kwa DC, ndoa ya serikali, tumalize. Lakini Baba ameshaonyesha watu wote mahali atasimama.

Mtoto wako,
Chepkemboi


Kericho mjini,
15 Oktoba 2025

Chepkemboi mwanangu,

Mwambie baba yako mwenyewe. Usimwachie Noah. Jambo likitoka kwako ni lako. Likitoka kwake ni fimbo. Na akina Nyabate usiwaambie wanyamaze. Hilo usilifanye hata kwa harusi tatu.

Mimi sitamwandikia neno. Nilinyamaza katika barua yangu kwake na kunyamaza huko kunaniuma kuliko unavyofikiri, maana yule ni rafiki yangu na ninamchapa kwa maneno huku nikimficha la maana.

Lakini nikuambie na lingine, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Siku ile nilicheka sana. Halafu kikaja kile kipande cha msichana wa jikoni anayeangushwa, nguo inapanda, na picha inakaa hapo, inakaa tu. Mzee wa taulo hakuwepo. Ndoo haikuwepo. Ulikuwepo mwili wa yule msichana na sauti yako ukiutania. Wanawake walicheka pia, lakini kidogo, na Bonareri alitazama chini. Baba yako ameniuliza swali moja ambalo sijamjibu, na jibu lake liko hapo: si kila kicheko kina ndoo. Anayechekwa akiwa mwenye rungu, hiyo ni haki ndogo ya wanyonge. Anayechekwa akiwa aliyeanguka, huo ni uwanja wa shule yetu tena. Siku utakayorudi nyuma ya pazia, na utarudi, kipande kile kiruke.

Nenda ukamwambie. Mtafute akiwa na kazi mikononi. Wanaume wa aina yake husikia vizuri zaidi wakiwa hawakutazami.

Anti yako,
Jerusa


Kimulot,
21 Oktoba 2025

Jerusa,

Uliijua sauti hiyo kabla hujaandika barua ya kwanza. Ulinipiga na sentensi zangu huku umeikalia siri ya mtoto wangu. Hilo nitalikasirikia kwa muda. Nimeona nikuambie mapema.

Aliniambia nikikamua. Sikusimama. Nilimaliza ng'ombe yule, nikamaliza na wa pili, maana sikujua nikisimama nitafanya nini na mikono.

Jana nikaenda kwa Phelix. Aliponiona mlangoni mwa nyumba yake alificha rimoti mgongoni; alifikiri nimekuja kuvunja televisheni. Nikamwambia, “Ogada, niwekee.” Akaniuliza, “Mzee, ni ile ya wakubwa, una hakika?” Nikasema mimi ni mkubwa. Akaweka. Nikatazama, sikuelewa kitu, Kijapani kama mvua kwenye mabati. Nikampigia Chepkemboi simu. Ndiyo, niliiwasha. Akaja. Nikamwambia aseme vile huwa anasema. Alikataa, nikamwambia tena. Basi akageuza uso ukutani, asinione, akaanza.

Alipokohoa, nilimjua mtu huyo. Nilicheka, Jerusa. Kilinitoka kabla sijakizuia, kikubwa, na Phelix akashtuka. Halafu nikakumbuka kwamba nimekaa na mtu huyo meza moja, nimempa sadaka ahesabu, nimempa ufunguo wa ofisi. Sikucheka tena. Kuna mambo mengine mle ndani yalinichefua na bado yananichefua, na usinigeuzie maneno kuyatakasa. Kuna msichana anaanguka pale. Chepkemboi aliniambia, “Baba, hii naruka,” akanyamaza mpaka ikapita. Hakuniambia ni kwa nini. Nadhani ni wewe.

Nikamfuata Nyabate kwake. Nikamuuliza mbona hawakuja kwa wazee. Alikuwa anachambua mboga, hakuacha. Akasema, “Mwalimu, tungekuja, na mlango wa ofisi si ni yeye anafungua?”

Nilipeleka jambo hilo kwa baraza jana hiyo hiyo. Noah alikohoa. Akasema kwa heshima na taadhima, mzee anamtetea binti yake, tumhurumie. Wazee wakatazama viatu vyao. Gekara, ambaye nilimfundisha kusoma, akasema mambo ya Noah yataletwa siku nyingine kwa utaratibu, lakini la katuni limeshatangazwa na haliwezi kungoja. Chepkemboi atasimama Jumapili. Sikuomba aachwe. Ningeombaje? Nimewaweka watoto wa watu benchi lile. Mmoja alikaa mwaka mzima na mtoto mchanga mgongoni, na mimi nikipita katikati na Biblia.

Nimeacha uenyekiti. Noah ataongoza ibada ya toba.

Kwa hiyo Jumapili sitakaa mezani. Sijui nitakaa wapi. Kile kiti cha mbele nimekikalia muda mrefu hata sijui watu wengine huwa wanakaa wapi kanisani. Nimezunguka ndani leo kukiwa tupu, nikajaribu hapa na pale kama mgeni. Nimechoka sana.

Chepkemboi anapinda shela lake bado. Hajaimba tangu juzi.

Johana


Kericho mjini,
23 Oktoba 2025

Kwa wanawake wanaongojea lori katika kituo cha majani, Kimulot

Barua hii anawasomea Kepher akiwa amesimama juu ya lori lake, na nimemwambia asiwashe injini mpaka amalize.

“Mambo ya Noah yataletwa siku nyingine.” Hivyo wamesema wazee. Siku nyingine! Mimi nina umri wa miaka hamsini na kitu, nimezaliwa laini, kwenye nyumba za wachuma chai, baba yangu alikuwa wa boila kiwandani, na siku hiyo nyingine naisikia tangu nikiwa mtoto. Mama yangu aliisikia. Haina tarehe. Ya katuni ina tarehe, ni Jumapili hii, saa nne.

Mtabishana wenyewe kama ile katuni ni nzuri au ni takataka. Baadhi yenu mliipenda, baadhi mliona haya, na wengine mlifanya yote mawili mkiwa benchi moja. Mimi mwenyewe nimegombana nayo. Endeleeni kugombana, hilo ni jambo la watu wazima, na kibanda kikifunguliwa tena, anayetaka ataingia na asiyetaka atapita. Lakini Jumapili haihusu katuni. Binti mmoja amekaa nyuma ya pazia akamsema mtu kwa sauti ya mtu huyo huyo, ninyi mkaitambua, na mkajua kwamba hamko peke yenu. Kwa hilo anapelekwa kukaa nyuma mwaka mzima, na anayempeleka ni yule aliyemwigiza.

Siwaambii msimame mkaseme. Najua nani anagawa mistari Jumatatu. Mimi nina duka mjini na hakuna anayeweza kunipeleka chini kwenye mto, kwa hiyo ujasiri wangu ni wa bei rahisi, na sitawauzia.

Nawaomba kitu ambacho hakuna kanuni inayokikataza.

Benchi la nyuma ni moja. Mnalijua, lile refu karibu na mlango, mguu mmoja umewekewa jiwe. Jumapili amkeni mapema. Wewe Nyabate, wewe Bonareri, wewe Kemuma unayesema miguu inakuuma, wewe Chepchirchir uliyelikalia na mtoto mgongoni na hakuna aliyekuuliza kama umechoka. Ingieni kabla ya wazee. Msikae mbele, msikae katikati. Kaeni pale nyuma, mbanane bega kwa bega, muweke vikapu na Biblia katikati yenu, benchi lijae kutoka ukutani mpaka mlangoni. Noah akimaliza kumsimamisha binti huyo na kumwambia nenda ukakae nyuma, msisogee. Hata mmoja wenu asisogee. Mtazameni tu. Amtafutie mahali pa kumweka mbele ya kanisa zima.

Mwachieni nafasi mtu mmoja tu, pale mwisho karibu na mlango. Ni mzee mrefu, ataingia akiwa na Biblia na hajui anakaa wapi. Msimuulize kitu. Sogeeni kidogo, mwonyesheni kwa mkono.

Jerusa Amondi